Mkono wa Cherehani

Miaka kumi na tisa mkono wangu wa kulia
umezungusha cherehani ya mama,
ile nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika,
na sikujua kwamba nafanya mazoezi.

Bunu alirudi kutoka melini na sanduku
lililofungwa kwa blanketi la baharia.
Hakuleta manukato, hakuleta simu.
Akafungua, akasema, "Dada, hiki chataka mkono wako."
Tumbo kama gambusi lenye mimba,
ubavuni vitufe kama meno ya mtoto,
mkiani kishikio,
na katikati gurudumu la mti
lisilokwenda popote.
Gurudumu! Hapa Lamu,
ambapo hata mkokoteni humpisha punda.

Jina la kwao lilitushinda mdomoni.
Tukakiita kinanda cha gurudumu, yakaisha.
Zamani, alisema Bunu, walikipiga vipofu
mlango kwa mlango, wakiomba mkate;
siku hizi vijana wamekitoa makumbusho
wakakitia kati ya gita za umeme,
na watu huruka nacho mpaka kunakucha.

Joto la Machi likauvimbisha mti.
Fundi Lali, mchonga milango wa Langoni,
alilisugua gurudumu kwa ngozi ya taa
tangu adhuhuri hadi magharibi,
asiseme neno ila, "Mviringo ni mgumu kuliko ua."
Nta yao ilipokwisha nikasaga sandarusi.
Pamba ya kuvisha nyuzi nikaichomoa mtoni,
mto wa kulalia, wa mume wangu,
hajui hadi leo.

Kuna kijiti ndani kinachotetema ukishtua kiwiko.
Wenyewe humwita mbwa.
Mbwa nyumbani kwetu? Tukamwita nyigu.
Nyuzi mbili zaimba, na mbili zavuma tu,
hazipandi, hazishuki,
kama mama mkwe aliyeketi kizingitini:
kila neno lako sharti lipite mbele yake.
Ngoma ivumayo, wanasema, haikawii kupasuka.
Hiki chavuma usiku kucha
na ngozi hakina.

Harusi ya Zeyana, Mkomani,
wanawake wamepanga safu na pembe zao za vugo.
Bi Somoe Kupi akanitazama juu mpaka chini.
"Hichi ni kinu au ni kinanda?"
Vicheko.
"Chasaga nini?"
"Bado sijajua, Bi Somoe."

Nikaanza vibaya.
Gurudumu likakoroma kama punda aliyenyimwa maji,
mtoto wa mtu akalia, akatolewa nje.
Nikafuta jasho, la kwangu na la kinanda,
nikapunguza pamba, nikaongeza sandarusi,
nikafumba macho,
nikajiambia: hili ni pindo la kanzu tu.
Basi nikashona.
Nenda, shtua, nenda, shtua-shtua,
vile mkono uendavyo ukifika kwenye kona ya kitambaa.
Nyigu akaamka.
Pembe zikamjibu, ko, ko-ko,
kwanza moja, ya msichana asiyeogopa,
kisha safu nzima.
Bi Somoe hakunisifu.
Alisogeza tu pembe yake karibu na sikio langu
akapiga mahali nilipoacha wazi.

Uzi wa kuimba ukakatika katikati ya wimbo.
Vidole vikabaki juu ya vitufe bila kazi,
ila mvumo haukukoma,
na wanawake wakaimba juu yake kama juu ya mkeka.
Hapo nikaelewa kazi ya mama mkwe.

Siku hizi usiku nazungusha hiki,
asubuhi nazungusha kile.
Jana Famau alikuja na kanzu yake mkononi,
kakunja uso:
pindo, anasema, limekwenda kwa kurukaruka,
hatua tatu fupi, moja ndefu,
ndiyo kushona gani huku?
Nikamwambia aivae kwanza,
atembee.